Maikrowevu Uliyomjengea Mama

Voi, Jumamosi asubuhi

Mpendwa Baba Wakesho,

Natumai huko uliko hakuna vumbi. Hapa upepo umeanza tena, nimefuta meza mara mbili kabla ya kuweka karatasi hii. Nakuandikia kwa sababu kesho baada ya ibada mdogo wako Mwakio anakuja kumchukua mama yenu ampeleke kijijini kwenu Ronge, na mimi nimeshindwa kumzuia. Ulipokuwa hospitalini uliniomba jambo moja tu, kwamba Mama akae hapa nyumbani na asirudi kwenye moto wa kuni. Nikakuitikia. Sasa sina budi kukueleza nilivyoshindwa.

Ni ile maikrowevu.

Unakumbuka siku uliyoileta? Ile hoteli ya watalii ulikofanya matengenezo ilikuwa inabadilisha jiko lote, na vitu vya zamani wakawauzia wafanyakazi. Ukaja nayo kwenye mkokoteni, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Nikakuuliza tutaiweka wapi, mbona haina hata miguu. Ukasema hii ni ya kuingizwa ndani ya kabati, haikai mezani. Jumapili nzima ukapima na kukata mbao. Uliijenga usawa wa kifua cha Mama, si changu wala chako, na mimi nikadhani umekosea vipimo. Hukuwa umekosea. Macho ya Mama yalikuwa yameshakwenda, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na makovu ya moto wa Ronge.

Ukamshika kidole, ukakipitisha kwenye kile kidude cha kuzungusha, mahali ulipodondosha gundi ikakauka kama punje ya mtama.

"Hapa ni dakika mbili, Mama. Usipite hapa."

"Na moshi uko wapi? Nitajuaje kama linapika?"

"Litapiga kengele."

"Kumbe umeniletea kanisa!"

Tulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku hiyo wewe ulikwenda hotelini, mimi sokoni na mboga zangu, na Mama alijipashia chakula chake saa saba mchana. Wageni alikuwa akiwaambia, "Mimi silishwi. Mimi si kinda la ndege."

Wiki tatu baada ya kukuzika nilirudi sokoni. Siku ya nne jirani akanipigia simu kwamba kwetu kuna moshi. Nilimkuta Mama amesimama katikati ya jikoni, mikono ameikunja kifuani.

"Limepiga risasi," akaniambia. "Sikugusa kitu kingine. Nimezungusha tu."

Ndani kulikuwa na sahani nyeupe, ukingo wake umekuwa mweusi, wali juu yake bado baridi.

Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nikachomoa plagi, nikairudisha. Nikaufungua mlango na kuufunga kwa nguvu, kwa sababu ulizoea kusema mara nyingi si ugonjwa, ni mlango haujashika. Nikaweka kikombe cha maji, nikazungusha mpaka kwenye gundi yako. Taa ikawaka, kile kioo cha chini kikazunguka, ikavuma, kengele ikalia. Maji yakatoka baridi vilevile. Nikarudia mara nne. Sijui nilitegemea nini hiyo mara ya nne.

Fundi Omari wa karibu na stendi alipokuja, aliitazama kwa muda mrefu.

"Nani aliijenga hii?"

"Mume wangu. Marehemu."

"Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliijenga isitoke."

Kweli, skrubu zote ulikuwa umezifunika kwa mbao na gundi. Ilibidi mbao zikatwe. Nilitoka nje, sikutaka kusikia msumeno. Niliporudi akanionya nisiguse kitu, kwamba hata plagi ikichomolewa kuna umeme unabaki umejificha ndani. Nikamwambia najua, nimeishi na maneno hayo miaka mingi.

"Tazama hapa," fundi akasema. "Hiki ndicho kinachotoa joto. Kimeungua. Mliweka chuma."

"Hatuweki chuma. Sahani na vikombe vyote vya chuma mume wangu aliviondoa jikoni."

Akaichukua ile sahani nyeupe, akaigonga kwa bisibisi. Ikalia ngii. "Hii ni bati, imepakwa rangi tu. Mtu asiyeona hawezi kujua, ni laini kama udongo." Kisha akaniambia kifaa cha namna ile hakipatikani tena, si Mombasa wala Nairobi, na kingine hakitaingia kwenye matundu yale.

Akaigeuza sahani. Chini palikuwa na herufi mbili zilizoandikwa kwa rangi ya kucha.

Hapo nikakumbuka, Baba Wakesho. Siku ya mazishi yako majirani walileta vyombo, kila mmoja na alama yake. Nilivirudisha vyote, sahani moja ikakosa mwenyewe. Nikaiosha, nikasema atakuja. Nikaiweka kwenye rafu ya Mama kwa mkono wangu huu.

Jioni Mwakio akafika, akaiona ile sahani. "Shemeji, mimi sikulaumu," akasema. "Lakini Mama ameanza kuchanganyikiwa. Leo ameweka bati, kesho atachoma nyumba."

"Labda ni kweli," Mama akajibu taratibu. "Sikumbuki kuchagua sahani ngeni."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni. Niliogopa. Wewe ukiwa umekwenda, mimi hapa ni nani? Nilidhani wataniona mke aliyekaribia kumuunguza mama yao. Nikanyamaza siku hiyo, nikanyamaza mwezi mzima.

Na mwezi huo Mama hakuingia tena jikoni. Aliniuliza leo ni siku gani, kisha akauliza tena. Nilimsikia kitandani akijitajia majina ya wajukuu mmoja mmoja, asisahau. Wakesho akatuletea maikrowevu mpya ya mezani, nikaidondoshea gundi mimi mwenyewe, si vizuri kama wewe. Mama hakuisogelea. Chakula chake nikawa namwachia kwenye themosi, na mara nyingi narudi nakuta hajakifungua.

Jana nilikuwa namwosha miguu, nikamwambia. "Mama, ile sahani niliiweka mimi. Ilibaki msibani."

Akauliza, "Kwa hiyo si akili yangu?"

"Si akili yako, Mama."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na mimi nimekaa hapa nahesabu wajukuu kama kuku wa jioni!" Kisha akanipiga kofi dogo mkononi. "Ungeniambia mapema, mwanangu."

Nikamshika mkono haraka, nikampeleka kwenye ile mpya, nikamwambia jaribu tu, basi hutakwenda Ronge. Aliunyoosha mkono. Ukasimama kabla ya kufika, na mimi sikuweza kuusukuma. Tulisimama hivyo mpaka akaushusha.

"Akili nimeipata," akasema. "Mkono ndio unaogopa. Niache niende."

Nilimpigia Mwakio nikamweleza yote. Akasema, "Asante kwa kuniambia, shemeji. Lakini Jumapili nakuja." Ameniahidi huko Mama hatakaribia moto, mkewe atamlisha. Nilijua Mama anasikia. Aligeuza uso ukutani.

Nimemfungia sweta mbili, Ronge kuna baridi. Fundi ameniuliza lile pengo ilikokuwa maikrowevu kwenye kabati alizibe kwa mbao, nikamwambia sijui. Kila kitu siku hizi nasema sijui.

Usinikasirikie sana, Baba Wakesho. Ukimkumbuka Mama huko uliko, nikumbuke na mimi.

Mkeo,
Mama Wakesho