Waliozoea Dawa ni Nani?

Mpendwa Bi. Mariam,

Naomba msaada wako, na jina langu usilifiche maana hapa Kilelengwani kila mtu ananijua, mimi ni Kaviha, mkulima, lakini watu huniita Daktari kwa sababu nina sindano yangu ya chuma, na mnyama wa mtu akilala chini mimi ndiye ninayeitwa, na kwa miaka saba nimedunga mbuzi na ng'ombe wa Wagiriama wenzangu na wa Wasomali bila kusomea popote. Sasa jirani yangu Deka ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, chuchu moja ilivimba ikawa inatoa maziwa yenye mabonge na damu, nikamdunga ile dawa ya manjano siku mbili, kiwele kikalainika nikaacha, maana akipona dawa ya nini, ikarudi, nikadunga tena kidogo na iliyobaki nikawagawia mbuzi wake ili nao wajikinge, ikarudi, nikachanganya aina mbili, na safari hii kiwele kimekuwa kigumu kama jiwe.

Afisa wa mifugo kutoka Garsen, anaitwa Mitchelle, binti mdogo tu, alichukua maziwa yakapimwa, akarudi akaniambia, "Mzee, wamezoea dawa. Hizi zote ulizodunga haziwawezi tena." Nikafahamu kumbe ng'ombe wa huku wamezoea, kwa hiyo naona Deka amuuze huyu kwa mchinjaji upesi kabla hajakonda, atafute mwingine ambaye hajazoea, na sindano yangu itafanya kazi kama zamani. Lakini Deka hataki, ananiambia, "Daktari, wewe dunga tu, mimi naamini wewe," maana maziwa ya zile chuchu tatu nzuri anampa mjukuu wake Ifrah wa mwaka mmoja, ambaye hana mama na huyataka yakiwa bado na joto la ng'ombe. Nikisema nimeshindwa watu watanicheka. Nimshawishi vipi auze bila jina langu kuharibika?

Kaviha, Kilelengwani

Kaviha,

Daktari sikuiti. Jina lako nimelichapa kwa furaha, ili kila mwenye mbuzi kuanzia Kau hadi Hewani akikuona na hiyo sindano afunge zizi.

Ng'ombe wa Deka ni mmoja, na ni maziwa yake tu yaliyopimwa. Mitchelle angekuwa anamsema yeye, angesema "amezoea". Alisema "wamezoea". Kiswahili tu kimekushinda, nawe unachanganya dawa! Waliozoea ni wadudu wa ugonjwa walio ndani ya kiwele. Kila ulipoacha dawa katikati uliwaua wanyonge, ukawaachia wenye nguvu nafasi ya kuzaana. Miaka saba umewafuga hao, na ndio mifugo pekee iliyostawi mkononi mwako.

Unafikiri ng'ombe akiuzwa wataondoka naye? Wamebaki kwenye ndoo, kwenye mikono ya Deka, na kwenye chuma chako hicho unachojivunia. Ng'ombe mpya atawakuta wanamngoja. Na mchinjaji ulitaka kumpa nyama iliyojaa dawa zako, watu waile. Huna haya.

Najua mafuriko yakija barabara haipitiki na afisa hafiki, na mtu akilia mnyama wake anakufa ni vigumu kukaa tu. Hapo nakuhurumia. Lakini umeandika barua nzima juu ya jina lako, na Ifrah ukamgusia mwishoni tu, kana kwamba ni habari ya pembeni. Mtoto huyo anakunywa maziwa mabichi ya kiwele chenye wadudu ambao dawa zimewashindwa. Akishikwa na homa, huenda akapewa dawa za jamii hizohizo ulizozichezea.

Nenda kwa Deka. Mwambie kwa mdomo wako kwamba wewe ndiye uliyekosea, na kwamba mtoto asionje tena maziwa ya ng'ombe huyu, hata ya hizo chuchu unazoziita nzuri. Atafutiwe ya ng'ombe mwingine, yachemshwe. Akiwa na homa au anaharisha, apelekwe hospitali leo hii, nawe ufuatane nao umtajie mhudumu kila dawa uliyodunga. Halafu mwite aje huyo unayemwita "binti mdogo". Kama vipimo vinaonyesha ipo dawa inayoweza, adunge yeye, mpaka siku ya mwisho, hata ng'ombe akiamka na kucheza ngoma. Kama haipo, yeye ndiye ataamua ng'ombe afanyweje. Sindano mkabidhi.

Watakucheka, ndiyo, na wana haki. Lakini siku utakayosoma haya, Deka atakamua tena jioni, na Ifrah atanyoosha kikombe. Uwe umeshafika.