Jina la Filbert Katika Filamu ya Wauza Pombe

Likunja,
Ruangwa.
16 Novemba, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Dickson,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo? Koo lako likoje? Tulipozungumza mara ya mwisho ulikuwa unakohoa, nikakwambia uache maji ya friji kama kweli sauti yako ndiyo inayokulisha. Sisi ni wazima. Mvua bado, korosho tunaokota, watoto wanarefuka na viatu vinawakataa.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu tunazo. Lakini simu ya huku husikilizwa na nyumba nzima, na wewe kwenye simu una maneno matamu. Mtu anapiga akiwa amekasirika, anakata akiwa anacheka. Safari hii sitaki kucheka. Barua nimempa Samia, binti wa jirani, anayekuja huko kumwona dada yake. Bahasha nimeibandika gundi kisha nikaishona na uzi. Samia simshuku, nawashuku abiria wenzake.

Filamu yako imefika. Ile uliyoitafsiri, ya majambazi wa Marekani ya zamani, enzi serikali yao ilipopiga marufuku pombe nchi nzima. Amiri aliileta kwenye flashi kutoka Nachingwea, akaionyesha bandani kwake Jumapili mchana. Watu walijaa mpaka wengine wakawa wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Mimi nilikaa mlangoni na beseni langu la vitumbua, kwa hiyo niliona filamu na niliona watu.

Maoni ni mengi, mdogo wangu. Zaina anasema ni uongo mtupu, pombe yote ile haiwezi kupikwa katikati ya mji bila harufu. Ingekuwa hapa hata watu wa Mbwemkuru wangeisikia. Mzee Hassani, ambaye tangu azaliwe hajaonja hata uraka wa mabibo, aliwashangilia askari mpaka pale mkubwa wao alipomiminiwa glasi ofisini kwake. Hapo akachukua kofia yake akatoka, eti kumbe hata huko ni haya haya. Vijana wao walimpenda yule bosi wa koti refu. "Mwana ni noma huyu," Sadiki alikuwa anasema kila bunduki ikilia, "anatembea kama nchi ameinunua!" Wapo pia waliosema filamu imetengenezwa na polisi wenyewe ili watu wazoee kuuzana. Hao niliwacheka. Sasa siwacheki tena.

Ninyi watafsiri mna kawaida ya kuwapa watu wa kwenye filamu majina ya huku kwetu ili banda lichangamke. Bosi ukamwita Abubakary wa Matambarale, watu wakapiga miluzi. Halafu akaja yule mwembamba mwenye miwani, aliyewauza wenzake kwa polisi, na sauti yako ikasema: "Huyu sasa ndiye Filbert wa Likunja. Ukiona anacheka na wewe, kahamishe mapipa."

Filbert mume wangu alikuwa amekaa mbele kabisa. Alicheka kuliko wote, akasimama na kuwapungia watu mkono kama mgombea. Ila nyuma yake niliona watu wanaacha kucheka, wanatazamana.

Unajua kwa nini walitazamana. Mtambo wa gongo wa mama yako, mama yangu mdogo, ulikuwa umevunjwa mwezi uliotangulia, na tangu siku hiyo kila mtu anauliza nani aliwaita askari. Sasa wewe ni mtoto wa mwenye mtambo, uko Dar es Salaam, unajua mambo. Ukisema Filbert, watu wanaona hujasema kwa mzaha. Wanaona umewatumia ujumbe.

Basi wameanza kuunganisha. Eti siku moja kabla ya askari kuja Filbert alikuwa Nachingwea. Ni kweli, alikwenda kung'oa jino. Amefungua mdomo mbele yao akawaonyesha pengo, wakasema pengo hilo ni la zamani. Eti mbona anasalimia sana siku hizi. Eti mbona hanywi. Akisalimia ni kosa, akinyamaza ni kosa.

Jumanne tulimzika mama mkwe wa Bilali fundi baiskeli. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi kwa kupokezana kama kawaida. Filbert alinyoosha mkono kupokea jembe, mwenye jembe akampita akampa mwingine. Akanyoosha tena. Alisimama pale na mkono wake mpaka kaburi likaisha, na hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Aliporudi nyumbani alikaa jikoni kwangu, mwanamume mzima. Dickson, mtu asiyepewa jembe makaburini, siku yake ikifika nani atalishika?

Usidhani nilimtetea tu kwa kuwa ni mume wangu. Na mimi nilimshuku. Nilipekua simu yake akiwa anaoga. Nilimwuliza habari za jino kwa kumzungukazunguka nione kama maneno yatagongana. Hayakugongana. Ndipo nikakumbuka filamu yenyewe, nikamwomba Amiri anirudishie ile sehemu ya mapipa. Akanirudishia.

Pale kwenye picha mapipa yako ndani ya gereji, nyuma ya malori. Hakuna mnyama hata mmoja. Lakini sauti yako inasema: "Mzigo uko nyuma ya banda la nguruwe, hapo hakuna atakayesogea." Watu walicheka wakadhani ni kichekesho. Mimi nilimwomba Amiri airudie tena.

Mama yako aliutoa mtambo mtoni akauhamishia nyuma ya nguruwe wake baada ya Pasaka, kwa akili zake mwenyewe, maana majirani zetu wengi ni Waislamu na hawasogelei pale. Tuliobeba mapipa ni mimi na Filbert. Mama mdogo anasema zaidi yetu na watoto wangu hakumwambia mtu mwingine yeyote, isipokuwa wewe, ili ukija usihangaike kumtafuta mtoni. Na askari walipokuja hawakutafuta. Walipita nyumba, wakapita choo, wakaenda moja kwa moja kwa nguruwe.

Bado nilijiambia, labda ni sadfa, labda mtoto alitaka kuchekesha. Kisha nikaikumbuka simu yako. Siku chache kabla ya tukio ulinipigia ukasema watoto wangu wasiende kwa bibi yao, mama yako, Jumamosi, wabaki nyumbani wasome. Wewe, Dickson! Tangu wazaliwe hujawahi kuniuliza habari ya masomo yao. Kila Jumamosi walikuwa wanakwenda kumchochelea moto wa mtambo. Jumamosi ile hawakwenda, na askari wakaja.

Kwa hiyo najua. Sikusikia kwa mtu, ila najua.

Tena nakuelewa, ndiyo maana nakuandikia wewe na sijamwambia mtu. Baba yako, baba mdogo Eliudi, alimalizwa na kitu kile kile kilichokuwa kikichemka uani kwake, ukiwa unatazama. Mama yako naye anakohoa moshi, na amekataa kusikia la mtu. Ulitaka mtambo uache kuchemka. Hata watoto wangu uliwaepusha wasikutwe pale, na kwa hilo nakushukuru kwa moyo wote. Mama yako walimwachia kwa onyo, ni mzima, sasa anauza mihogo. Huenda umemwongezea miaka.

Silalamikii kuwaita askari. Nalalamikia ulichofanya baada ya hapo, ukiwa umekaa na kipaza sauti chako, umetulia, una majina yote ya dunia mbele yako. Ulipotafuta jina la mtu aliyewauza watu wake, ulishindwa nini kutumia la kwako?

Mama yako amesadiki kuwa ni Filbert. Nikimpelekea chakula anawapa nguruwe. Juzi alinisimamia mlangoni akaniambia anamshukuru Mungu kwamba yeye alizaa mwana, hakuolewa na nyoka kama mimi.

Njoo. Usipige simu, njoo usimame mbele ya mama yako useme. Nitakungoja mpaka Krismasi. Usipokuja nitasema mimi, na mimi sina sauti nzuri kama yako.

Zaina anakusalimu, Amiri anakusalimu na anaomba filamu nyingine. Watoto wanamsalimu mjomba wao. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya ya koo na wepesi wa ulimi.

Shemeji yako Filbert anakusalimu sana. Yeye hajui lolote, anadhani ulimtaja kwa mapenzi. Anasema ukitafsiri nyingine umfanye angalau dereva.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata sasa,
Sofia.