Sentensi Niliyokataa Kuitafsiri

Jumamosi, Guangzhou. Mvua imenyesha tangu asubuhi na haijapunguza joto hata kidogo. Nguo nilizoanika juzi bado zina unyevunyevu, na ukuta wa chumba changu unatoka jasho kuliko mimi.

Leo nimemkatalia Ami. Mezani, mbele ya mgeni.

Naandika haraka kabla sijaanza kujionea huruma, au kumwonea yeye. Najijua. Nikilala nikaamka nitaanza kutafuta njia ya kuyapooza, na safari hii sitaki kuyapooza.

Kwa asiyenijua (ingawa nadhani humu kwenye blogu mnapita watu wanne watano tu, na mmoja ni dada yangu): nilikuja China kwa skolashipu kusomea famasia. Mwaka wa kwanza ulikwenda wote kwenye lugha. Wa pili nikaanza masomo yenyewe, nikayapenda kwa kweli, na ndipo Ami Seif, mdogo wake baba, akaingia mjini. Ami ana duka la mikoba na vitambaa Darajani, Unguja, na Kichina hakujua hata cha kuombea maji. Nikawa namsindikiza siku za mapumziko: leo Zhongda kwenye vitambaa, kesho Shiling kwenye mikoba, mara Huangpu kufukuzana na wakala wa makontena. Baadaye akaniomba nichukue likizo ya masomo, ya mwaka mmoja tu, mpaka asimame. Baba akasema msaidie ami yako. Nikaomba likizo.

Mwaka huo unaisha keshokutwa. Nisiporipoti chuoni Jumatatu, nafasi yangu imekwenda.

Nilimkumbusha Ami mara moja. Alinijibu "inshallah", nami nikaogopa kuuliza ni inshallah ya namna gani.

Ami si mtu mbaya, na hilo naliandika lisomeke. Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda madrasa nilipovunjika mguu. Akija kutoka nyumbani, nusu ya mzigo wake ni wangu: bizari ya pilau, halua, hata sabuni ninayoipenda. Ndiyo maana imekuwa ngumu. Angekuwa mkorofi ningeshaondoka zamani na nisingehitaji kuandika haya.

Sasa niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana watu wanafikiri mkalimani anafaidi. Kila karamu yupo, kila mara amekaa karibu na wakubwa. Ukweli ni kwamba mkalimani hali. Laoban, yaani bosi mwenye kiwanda, akinyamaza ili atafune, Ami anaanza kusema. Ami akinyamaza ili atafune, laoban anadakia. Mimi niko katikati, mdomo wangu una kazi muda wote, na chakula kinapoa mbele yangu. Nimekaa kwenye meza za samaki wa mvuke na za kondoo wa kuchoma wa Waislamu wa kaskazini, kisha nikarudi chumbani kuchemsha tambi za pakiti.

Leo laoban wa Shiling alitualika kwenye mkahawa wa Kiperu. Ni mkahawa wa mtaani tu, nyuma ya soko la mboga, karibu kabisa na tunapokaa. Nimepita mbele yake mara nyingi nikidhani ni wa Wahispania. Meza chache, feni ya ukutani inayogongagonga, vitambaa vya meza vyenye mistari ya kila rangi. Mwenyewe anaitwa Mama Lusia na sura yake ni ya Kichina kabisa. Babu zake walitoka mkoa huu huu wakahamia Peru, yeye akazaliwa huko, akaja kurudi mtu mzima na mapishi ya huko. Mumewe ni binamu yake laoban. Kikantoni, lugha ya mkoa huu, anakisema kama bibi yake alivyomfundisha, lakini Kichina cha serikali, hiki ninachokijua mimi, kinampa taabu kuliko kinavyonipa mimi. Nakiri hilo lilinifurahisha.

Laoban alishamwambia kwamba sisi hatuli nguruwe, kwa hiyo ilikuwa samaki mwanzo mwisho. Ami hakuridhika mpaka nilipokwenda jikoni kuulizia kikaango. Mama Lusia akanitolea kipya, bado kina karatasi ya dukani.

Cha kwanza kikaja samaki mbichi. Mbichi kweli: vipande vyeupe vimeloweshwa ndimu, vitunguu na pilipili, pembeni kiazi kitamu na mahindi. Ami akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwambie samaki wake kasahau kumpitisha motoni."

Nikatafsiri kwa adabu. Mama Lusia akajibu kwamba ndimu ndiyo moto wake. Ami akaonja kwa ncha ya ulimi kama mtoto anayenyweshwa dawa, akaonja tena. "Alaa! Kumbe kachumbari," akasema. "Kachumbari iliyotiwa samaki." Kuanzia hapo hakuuliza kitu, na sahani ilipokaribia kwisha alikuwa anaivutia upande wake.

Mimi sikuonja. Walikuwa wameshaanza biashara.

Biashara yenyewe ni hii. Laoban ana mkoba mpya ambao kila mfanyabiashara wa Kariakoo anautaka. Yuko tayari kumpa Ami peke yake msimu mzima, lakini ana sharti moja: awepo mtu anayekaa hapa hapa Guangzhou, anayeweza kumpigia simu saa yoyote na wakaelewana. Amechoka na wateja wanaokuja, wanaagiza, wanapanda ndege, halafu simu inaita mpaka inakatika. Ni dai la haki kabisa. Nililitafsiri nikijua mtu huyo Ami atamtafuta wapi.

Hapo wali ukaletwa. Ulikuwa wa kukaanga, na mayai, vitunguu majani na kamba, unafuka moshi. Mama Lusia akauweka mezani, akaiona sahani yangu ilivyo safi kama ilivyotoka kabatini, akamgeukia laoban na kumwambia kitu kwa Kikantoni, kwa sauti ya kugomba. Kikantoni sikijui. Laoban akacheka, akainua mikono juu.

"Fanyi, kula," akaniambia. Fanyi ni mkalimani. Ndilo jina langu kwake tangu tujuane. "Anasema mezani kwake hakuna anayefanya kazi wakati wenzake wanakula. Tukiongea kabla hujamaliza, anatuondolea chakula."

"Kasema nini?" Ami akauliza.

Sikumjibu. Mdomo ulikuwa umejaa wali.

Sijui niueleze vipi ule utulivu. Ami na laoban hawana lugha hata moja baina yao, kwa hiyo walibaki kutabasamiana na kuinuliana vidole gumba kama wachumba walioletwa kuonana. Mimi nikala. Nikala samaki wa ndimu aliyebaki mpaka machozi yakanitoka, nikala wali, nikala viazi, nikaongeza wali. Na kwa kuwa kichwani hapakuwa na maneno ya mtu yanayosubiri kupitishwa, yangu yakapata nafasi. Yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Nataka kurudi kusoma. Naenda Jumatatu. Simwombi mtu ruhusa.

Hata hapo sikuwa nimekusudia kuyasema pale. Mpango ulikuwa kesho, kwa upole, baada ya kumpikia pilau.

Nilipoweka kijiko chini Ami alipangusa midomo, akaegemea kiti. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshiba na mwenye habari njema.

"Haya, mwambie asiwe na wasiwasi. Mwambie huyu binti wa kaka yangu ndiye atakayekaa hapa. Ofisi yake, simu yake. Mwambie tumeshakubaliana, wala hana pa kwenda."

Katika kazi hii nina sheria moja niliyojiwekea mwenyewe: hubadilishi. Mtu akifoka, unafoka. Akibembeleza, unabembeleza. Nimetafsiri viapo nilivyojua si vya kweli bila kupepesa macho, kwa sababu havikuwa viapo vyangu. Lakini hiki kilikuwa kiapo juu yangu, na kilitaka kutoka kinywani mwangu. Ningekisema kwa Kichina, laoban angekisikia kwa sauti yangu mimi na kuniamini mimi. Angepanga msimu wake wote juu ya neno hilo. Na Jumatatu ningekuwa ama mwongo, ama mkalimani wa maisha.

Laoban alinitazama, anasubiri.

"Hilo siwezi kulisema, Ami."

"Huwezi vipi? Ni neno gumu?"

"Si gumu. Si kweli. Jumatatu narudi chuo."

Akatabasamu, lile tabasamu lake la mbele za watu. "Tutazungumza nyumbani, mwanangu. Sasa mwambie."

"Simwambii, Ami. Nisamehe. Nikimwambia ataamini."

Sijawahi kumjibu Ami hivyo katika maisha yangu, wala sijamwona mtu wa kwetu akimjibu hivyo mtu wa rika lake, na niliona uso wake ukibadilika ukawa wa mtu aliyekosea nyumba.

"Anasemaje?" laoban akauliza.

Ningeweza kumwambia chochote. Hakuna pale ambaye angejua. Ningesema Ami anasifu wali, tukacheka, tukaenda nyumbani. Badala yake nikafanya kazi yangu. Nikatafsiri yote, neno kwa neno: "Ami yangu anasema mimi nitabaki hapa. Mimi nimemjibu kwamba sitabaki, narudi kusoma." Kisha nikamgeukia Ami nikamtafsiria nilichomwambia laoban, asije akadhani nimemsengenya akiwa amekaa pale pale. Sijawahi kufanya tafsiri safi kama ile, na sikuionea raha hata chembe.

Laoban akakizungusha kikombe chake cha chai. Halafu akaniuliza naitwa nani.

Mwaka mzima!

Nikamwambia Zuhura. Akalijaribu, likamshinda, akalijaribu tena mpaka likakaribia. Kisha akamwambia Ami, kupitia kwangu, kwamba anamheshimu sana, na kwamba wataongea tena wiki ijayo. Kila aliyewahi kununua mzigo hapa anajua maana ya hiyo wiki ijayo. Nikatafsiri hilo pia. Ami akaitikia kwa kichwa na kuomba maji, na aliyaomba mwenyewe, kwa Kichina kibovu lakini kilichoeleweka.

Nimemharibia biashara. Silizunguki hilo. Huenda mkoba ule akapewa mtu mwingine, na Ami akawa anauona kwenye maduka ya wenzake msimu mzima akikumbuka meza ile. Nitamtafutia mkalimani. Yuko Mpemba mmoja anayesoma uhandisi, Kichina chake kinashinda changu na anatafuta kazi ya kufanya. Nusura niongeze kwamba Jumamosi nitakuwa nakuja kusaidia mwenyewe. Nikajiuma ulimi. Najua Jumamosi zinavyozaana.

Tulirudi kwa miguu, mwavuli ukiwa mmoja, wa Ami. Alitangulia nao kwa hatua ndefu, mimi nyuma nikilowa, nikiwaza kwamba nastahili kulowa. Kwenye kona ya soko akasimama. Hakugeuka. Alisimama tu mpaka nikamfikia, akausogeza mwavuli upande wangu, tukaendelea. Sikujaribu kumsemesha. Kuna wakati mtu mzima anahitaji kuachwa na hasira zake, na hizi zilikuwa haki yake.

Chini ya ngazi za jengo letu ndipo alipofungua mdomo.

"Baba yako utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Ami angemwambia baba kwa lugha ya wakubwa, wangenielewa wasinielewe, wangezungumza juu yangu mpaka likapatikana jambo la katikati. Mimi ningesubiri kuambiwa. Nimezoea hivyo. Ndivyo likizo ile ilivyopatikana.

"Nitamwambia mimi, Ami."

"Haya." Akapanda ngazi.

Nikakwangua kadi ya simu nikiwa bado nimelowa. Huko Unguja ilikuwa alasiri. Baba alipokea mwenyewe. Akaniuliza afya, akauliza mvua, akaniambia mama yuko uani anafua. Masomo hakuuliza, mwaka mzima hajauliza. Kisha akauliza lile analouliza kila nikipiga.

"Na ami yako anasemaje?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi mno. Ami anasema hivi, Ami anasema vile, Ami anasema mambo si mabaya.

"Ami atakupigia akueleze ya kwake, Baba. Leo nimepiga kusema yangu."

Nikasikia akizima redio, akivuta kiti na kukaa.

"Haya," akasema. "Sema."

Nikasema.