Vifundo Viwili vya Leso Yako

Somo yangu, Bi Mwanakombo,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo. Nimekaa kwenye jamvi sebuleni kwangu. Sebuleni kwangu, Somo, umesikia? Hapa hapa Junda, jua la asubuhi limeingia mpaka miguuni, na leso yako nimeilaza mapajani.

Nimeolewa. Salimu ni yule yule uliyemchungulia dirishani ukasema, "Ana masikio makubwa, huyu atasikia akiambiwa." Tulingoja arobaini yako ipite ndipo tukafunga ndoa. Siku ya kutiwa hina nililia hadi hina ikaingia maji, na mimi mwenyewe ndiye fundi wa hina! Wakaniambia bi harusi analia kwa kuacha kwao. Wangejua. Nilikuwa nalia kwa sababu ulinifunda siku tano, ya sita hukuja. Ulikuwa umeniahidi, "Ya pesa tutayazungumza mwisho, maana hayo yana aibu kuliko ya kitandani." Nikacheka. Kumbe hilo ndilo darasa nitakalolikosa.

Wacha nikwambie kwanza navyopendwa, usije ukafikiri nimepotea. Salimu anafanya kazi ghala la chai, Changamwe. Akirudi jioni ananukia majani ya chai, na shati lake silifui kabla sijalinusa. Ananimenyea chungwa, ganda moja refu lisilokatika, kisha analizungusha kwenye mkono wangu na kusema, "Bangili ya leo hiyo, malkia." Wallahi, Somo, kama Kisauni nzima kuna mke anayependwa kunishinda, na ajitokeze nimwone.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo aanze kulaza simu kifudifudi.

Nililiona hilo mwezi wa pili wa ndoa. Halafu akaanza kunipigia saa nane mchana, yeye ambaye hakuwa na desturi hiyo. Sauti tamu, lakini maswali yana miiba: "Uko wapi saa hizi? Uko na nani?" Nikajiambia, mwanamume akikuuliza uko wapi, anataka kujua kama njia yake ni nyeupe. Kisha nikamkuta mara mbili akinong'ona na Mama Rukia, yule mjane anayeuza mahamri hapo mwanzo wa kichochoro chetu. Waliponiona wakanyamaza. Na mahamri yetu ya asubuhi, ambayo siku zote ni manne, yakaanza kuja sita kwa bei ile ile. Somo, nani anaongezewa mahamri bure?

Siku nilipolinusa shati likanukia iliki, nilikaa chini. Mahamri ya Mama Rukia yana iliki.

Kuanzia hapo nikawa askari wa nyumba yangu mwenyewe. Nilihesabu dakika anazokaa kichochoroni. Nilimsalimia Mama Rukia huku nikimkagua wanja. Ananiambia, "Bi harusi, mbona umekonda?" Moyoni namjibu, utanenepa wewe kwa niaba yangu. Nilikuja kaburini kwako Ijumaa mbili, nikasimama, nikashindwa kukwambia. Nilitaka unijibu, kama zamani.

Lakini sijakwambia yote. Wewe hukupenda mtu akuletee habari nusu, basi hii hapa nusu iliyobaki.

Unalikumbuka kasha ulilonipa, lile la misumari ya shaba? Ulisema niweke nguo za kuvaa nikiwa na mume wangu tu. Nguo zilikaa humo wiki mbili. Baadaye nikazitoa nikazitia kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu kasha lilihitaji nafasi.

Kuna mama mmoja kwenye simu. Kila siku baada ya adhuhuri hujitokeza akiuza vitu, anavishika kimoja kimoja, anavigeuza uvione, na wewe unamwandikia kwamba umekichukua. Wiki ya kwanza ya ndoa, Salimu amerudi kazini, nyumba imenyamaza kama msikiti baada ya watu kutoka, nikafungua simu nikamsikia: "Kuna bi harusi ananitazama saa hizi? Hii yako, mwanangu. Usiniulize bei, iangalie kwanza!"

Somo, ilikuwa sauti yako. Mkwaruzo ule ule, na "mwanangu" ile inayovutwa mwishoni. Nilichukua chupa ya manukato kabla sijaisikia bei.

Baada ya hapo nikachukua mapazia jozi mbili, na nyumba yangu ina dirisha moja. Nikachukua mashine ya kusaga matunda, saa ya mkono ya Salimu, viatu vya mtoto ambaye hata hajatungwa. Kila akisema "imebaki hii ya mwisho," vidole vyangu vinakimbia peke yao. Kijana wa boda boda analeta, natoka mbio na leso kichwani, napokea, natia kasha, nafunga. Utamu wenyewe ulikuwa unaisha kabla sijamaliza kuikunja ile karatasi ya kifurushi.

Na pesa zilikuwa zipi? Zile tulizokuwa tukiweka kwenye simu yangu, za hina yangu na za mshahara wake, tulipie kile chumba cha mbele kilichotazama barabara, kiwe duka langu la hina. Tulikuwa tumekwenda kukiona pamoja. Salimu akapima kwa hatua akasema, "Hapa kiti cha maarusi, hapa kioo, na hapa mimi, nitakuja kukaa nikutazame." Nilitaka kuacha kuzunguka nyumba za watu na vikopo vyangu vya hina mkobani. Mwenye chumba alikubali kutungoja mpaka mwisho wa mwezi. Salimu akiniuliza, "Zinafika?" namjibu, "Zinafika inshallah," na sikuangalia. Nilikuwa naogopa kuangalia kilichobaki kama mtu anavyoogopa kufunua kidonda.

Alhamisi moja alirudi saa tisa alasiri. Hajawahi. Hakunisalimia, akasimama nyuma ya mlango kama mwizi. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, amekuja kuniambia anamwoa Mama Rukia. Nilishafungua mdomo nimtangulie, nje pikipiki ikalia. "Bi harusi! Mzigo wako!"

Salimu akatoka yeye. "Mzigo gani?"

Yule kijana ni wa bara, maskini, hajui kuficha. "Mzee, mimi naletanga tu. Hii ni ya tatu wiki hii. Na leo hajajipaka marashi, kwani ni mgonjwa?"

Somo, nilitamani sakafu inimeze na jamvi lake.

Tukaingia chumbani. Salimu akaonyesha kasha, hata sauti hakuipandisha. "Fungua." Nikafungua. Akapiga magoti, akatoa kimoja kimoja: manukato, mapazia, manukato mengine, ile mashine. Alipofika kwenye viatu vya mtoto akakaa chini kabisa, akaviweka juu ya kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

"Kumbe ni vitu," akasema. "Mimi nilidhani ni mtu."

"Na mimi nilidhani ni mtu," nikamwambia.

"Mtu gani?"

"Mama Rukia."

Alinitazama mpaka nikaona haya, kisha akanieleza. Majirani walikuwa wamemwambia kuna kijana wa pikipiki anakuja kwa mkeo kila mchana, na mkeo humkimbilia. Akamwomba Mama Rukia aangalie kutoka mezani pake, na ampigie. Ndizo simu alizokuwa akizificha. Ndiyo iliki ya shati, amesimama pale kwenye karai akiulizia habari zangu. Na yale mahamri mawili ya nyongeza, Mama Rukia alikuwa akimwonea huruma.

Tulicheka, ndiyo. Kisha akaniuliza kuhusu chumba, na hapo hakuna aliyecheka. Nilimpa simu aangalie mwenyewe. Zilizobaki hazikufika hata robo. Mwisho wa mwezi ukapita, na sasa chumba chetu anakaa muuza viazi karai. Nikipita pale naona karai limewekwa pale pale alipopima kiti cha maarusi. Salimu hajanitupia neno. Lakini chungwa siku ile alilikata na kisu, nusu kwa nusu, akanipa fungu langu kwenye sahani.

Ndipo nikaitoa leso yako. Binti yako alinipa baada ya hitima, pindo moja likiwa limefungwa vifundo viwili kama ulivyozoea kufunga pesa zako. Akasema, "Chukua na kilichomo, Mama alisema ni yako." Niliishika nikakumbuka ulivyokuwa ukinichukua sokoni Kongowea. Mimi nakuvuta mkono, "Somo, ile sufuria, ile sufuria!" na wewe unaanza kufungua fundo la kwanza kwa meno, taratibu, unamuuliza muuzaji habari za mamake. Unafika la pili, unamuuliza habari za mguu wake. Wale wauzaji walikuwa wakiambiana, "Bi Mwanakombo ameanza kufungua, kaa kitako unywe maji." Na ukishalifungua, unaitazama ile sufuria, unafunga tena. "Twende. Hamu imeshapita."

Nikiwa mdogo nilidhani ni ubahili. Somo, lile ndilo lilikuwa darasa la siku ya sita, ulishanipa miaka mingi nyuma! Simu yangu haina fundo. Kutoka kutamani mpaka kulipa hakuna hata pumzi moja katikati.

Nimejichunguza kama nilivyomchunguza Mama Rukia. Hamu hainijii nikiwa na mteja mbele yangu, wala Salimu akiwepo. Hunijia saa nane, nyumba kimya, sina wa kuniita mwanangu. Nilikuwa nalipia ile sauti. Vile vitu vilikuja tu nyuma yake.

Yule mama nimemtoa kwenye simu. Nililia kama nakuzika tena. Ikifika adhuhuri simu naifunga kwenye pindo la pili la leso yako, vifundo viwili, vya kubana. Nikikitamani kitu nakiandika kwenye karatasi na kukiacha mpaka Ijumaa, tukizungumze wawili. Ijumaa iliyopita niliisoma nikakuta nimeandika "trei ya dhahabu." Salimu akauliza, "Ya kumwekea nani, malkia?" Nikaikata kwa kalamu. Manukato nawauzia maarusi ninaowapaka hina, mapazia ameyachukua Mama Rukia. Saa yake amekataa isiuzwe.

Bado sijiamini. Mkono huu ninaokuandikia naushuku mchana kutwa. Nikisikia "ya mwisho" hata kwa muuza mchicha, natazama pembeni. Lakini juzi Salimu alikaa mlangoni, akamenya chungwa, ganda likatoka refu, akanivisha. Hakusema malkia. Alisema, "Tutaanza tena." Nikalivaa mpaka likakauka.

Lala salama, Somo yangu. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Nakuahidi tutapata chumba kingine, na siku nitakayokilipia nitakuja kukwambia nikiwa nimejitanda leso hii. Vile vifundo vyako viwili sijavifungua. Vidole vimewasha kila siku tangu nipewe, nijue umeniwekea nini. Ndicho kitu cha kwanza nilichokitamani nikakiacha.

Mwanao uliyemfunda,
Zuhura