Hedifoni Iliyotafunwa na Mbuzi

Kwako kaka Deo, huko Sweden,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na baada ya kushauriana na wahusika wote, yaani mimi na mke wangu, nachukua nafasi hii kuutangazia ukoo wetu na majirani wote wa Kamuli kwamba ile hedifoni uliyotutumia imetafunwa na mbuzi. Tukio lilitokea juzi mchana. Marehemu, yaani hedifoni, alikuwa ametundikwa kwenye msumari, juu ya kiti alichokuwa akikalia baba, waya ukining'inia. Mbuzi amekula waya wote pamoja na sifongo ya sikio la kushoto. La kulia halikumpendeza. Mbuzi mwenyewe ni mzima na anakusalimu.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu najua utaiongeza kwenye orodha ya makosa yangu. Orodha yenyewe tumeisikia. Barua yako uliyomwandikia baba mdogo Laurenti ili aisome mbele ya ukoo, ameisoma. Aliisoma Jumapili baada ya ibada, uani kwetu, watu wote wamekaa, nami niko kwenye kigoda nachambua maharage kama bibi harusi anayekaguliwa na mawifi. Umeandika kwamba siku ile ya simu ya kompyuta baba alikuuliza swali, ukalijibu, na mimi nikalificha jibu lako ili nirithi kibanja, yaani shamba la baba la migomba na kahawa. Umenisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Nakala ya barua hii nimempa baba mdogo aisome kwa sauti ileile.

Unaikumbuka simu yetu ya makopo? Makopo mawili ya maziwa ya unga, na uzi tulioufumua kwenye gunia la kahawa, kutoka mlango wa jiko hadi kwenye mikeka ya kuanikia. Ulinifundisha kwamba uzi lazima ukazwe, ukilegea sauti inafia njiani. Nilishangaa jinsi ulivyojua mambo. Ila kuna jambo hukunifundisha, kwamba zamu yangu ya kusema haipo.

"Wewe sikiliza," ulikuwa ukiniambia. "Msemaji ni mimi."

"Na mimi nitasema lini?"

"Ukikua."

Nina miaka arobaini na mitatu, kaka. Nina kipara ambacho watoto wa jirani wanakiita uwanja. Nadhani nimekua.

Mwaka sabini na nane ulipanda basi kwenda kusoma. Sanduku lako la mbao nililibeba mimi kichwani hadi barabarani, na pengine hapo ndipo nywele zilipoanza kuniaga. Uliniambia, "Miaka mitatu tu. Mwangalie baba." Nikamwangalia. Miaka mitatu ikawa kumi, kumi ikawa ishirini. Nilipalilia, nilikata majani ya migomba, nilichuma kahawa, nilioa nikajenga chumba kimoja ubavuni mwa nyumba ya baba kwa sababu nyumba ya mkubwa haijengwi na mdogo. Wewe ulituletea picha ya gari lililofunikwa na theluji. Nyuma uliandika, "Leo baridi." Hiyo ndiyo ilikuwa barua ya mwaka mzima. Baba aliiweka ndani ya Biblia.

Mwaka jana miguu ya baba ilipoanza kuvimba nilikuandikia. Jibu lako lilikuwa na mistari miwili juu ya miguu ya baba, na kurasa nne juu ya namna simu inavyopigwa kwa intaneti. Tena ukatuma hedifoni yenye kipaza sauti kidogo cha kukaa mdomoni, na CD ya programu, kwa mkono wa rafiki yako aliyekuwa akifanya kazi pale Omurushaka, kwenye ofisi ya watu wa misaada waliokuja kwa ajili ya wakimbizi. Paa lao lilikuwa na sahani kubwa kuliko sinia la harusi. Ukasema baba aletwe hapo, mzungumze.

Zile kurasa nne nilizisoma mara tatu ndipo nikaelewa. Halafu nikamweleza baba kwa lugha ya shambani.

"Baba, chukua mkungu wa ndizi unaotakiwa Mwanza. Huupeleki mzima. Unaukata vichane. Kila kichane unakibandika karatasi yenye namba yake na jina la mpokeaji, halafu unavitawanya. Kimoja kinapita Bukoba kwa meli, kingine kinapita Biharamulo, kingine kinabebwa na fundi cherehani wa Nyakakika kwa baiskeli. Kule Mwanza kuna mtu anavipokea, anasoma namba, anavipanga upya. Mteja anaona mkungu."

"Na cha baiskeli kikichelewa?"

"Hakisubiriwi. Kinatupwa. Mteja anapata mkungu wenye pengo."

Baba alifikiri. "Kwa nini usipakiwe mzima kwenye gari moja?"

"Hiyo ndiyo simu ya posta, baba. Barabara yote inafungwa kwa ajili ya mkungu wako peke yake mpaka mmalize kuongea. Hii ya Deo barabara ni ya wote, kila mtu anapenyeza vichane vyake."

"Na hizo ndizi ndiyo sauti?"

"Ni namba. Kompyuta inaipima sauti maelfu ya mara kwa sekunde moja, kila kipimo inakiandika kwa namba. Namba ndizo zinazosafiri. Zikifika, zinageuzwa kuwa sauti tena."

"Kwa hiyo Deo ananitumia namba," akasema baba. "Mwambie azilete mwenyewe."

Lakini alikubali kwenda, kwa sababu alikuwa na swali moja. Kwa desturi kibanja ni chako, wewe mkubwa, pamoja na makaburi yaliyomo. Wazee wa ukoo walikuwa wameanza kumsumbua, wanamwambia asife akaacha migomba kwa mtu wa kwenye picha. Alitaka akuulize kama unarudi kulima au ampe aliyepo. Na alitaka kulisikia jibu kwa masikio yake.

Basi mwaka huu tukampandisha mbele kwenye lori la kahawa, miguu imefungwa kanga. Pale ofisini tulipokewa na Mama Justa, mchapaji wao, aliyekuwa ameachiwa kazi ya kutuunganisha. Akamvisha baba hedifoni juu ya kofia, maana kofia alikataa kuivua. Kompyuta haikuwa na spika. Aliyevaa ndiye anayesikia, wengine tunatazama mdomo wake.

Nilimwona baba anatabasamu. "Marahaba," akasema. Kisha akangoja. Kisha, "Marahaba," tena. Kisha akaanza kukuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, akanyamaza katikati, uso ukakunjamana, akaivua.

"Kaka yako ananiamkia mara mbili kama mlevi," akaniambia. "Nikiuliza habari za watoto ananikatiza."

"Hakukatizi, mzee," akasema Mama Justa. "Maneno yako yanapanda juu kwenye setilaiti, yanashuka kule kwake, ndiyo ajibu. Yeye alikuwa hajaisikia marahaba yako, akadhani bado hujaitika. Ukishasema, hesabu kwanza moja mpaka tatu."

"Nimzae mimi, halafu nihesabu ndipo anijibu?"

Unajua salamu zetu, kaka, kama hujazisahau. Mmoja anauliza, mwingine anaitika, ndipo linakuja la pili, na hakuna anayeruka mbele ya mwenzake, hasa mbele ya mzazi. Mtambo wako ulikuwa umempa mzee wa miaka themanini mtoto asiye na adabu. Wewe ambaye ulijua uzi ukazwe vipi, katika kurasa nne hukukumbuka kutuonya juu ya hilo.

Akaninyooshea hedifoni. "Vaa wewe. Una kichwa kikubwa, itakukaa. Muulize swali langu, uniambie anachosema."

Nikavaa. Ilinibana. Nikakuuliza. Nikahesabu moja mpaka tatu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukajibu. Nikamgeukia baba nikamwambia, "Vichane vimepotea njiani, baba. Nimesikia tu kwamba kazi ni nyingi." Na mara laini ikakatika.

Nilikusudia barua hii iishie hapo. Ningekutupia setilaiti yako na vifurushi vyako, vile nilivyoviita vichane, kwa maneno yako mwenyewe, baba mdogo angetikisa kichwa aseme mashine ni mashine, na wewe ungebaki na theluji yako. Lakini juzi nilipotoka nyuma ya nyumba nikamkuta mbuzi kwenye ule waya, sikumfukuza. Nilisimama nikamwacha amalize. Mke wangu akatoka na ungo. "Mbona unamtazama tu?" akaniuliza. "Hicho si kitu cha mwisho cha baba?" Nilikuwa nafurahi, kaka, kama mtu aliyemwona shahidi wa kesi yake akipanda basi kwenda mbali.

Baba mdogo, kama umeanza kusoma kimoyomoyo, rudi kwenye sauti.

Hakuna kichane kilichopotea. Vyote vilifika, kwa mpangilio wake, na sauti yako ilikuwa safi kuliko redio. Ulisema, "Mwambie baba nakuja Krismasi. Nimechoka huku. Kibanja asimpe mtu, nakuja kukilima mwenyewe." Kisha ukasema, "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Wala laini haikukatika. Mama Justa alikuwa amegeuka kuchukua birika, nami nikabonyeza pale alipotuonyesha pa kukatia.

Sisemi nilifanya hivyo kwa ajili ya migomba peke yake, ingawa migomba ilikuwemo. Uliposema unakuja kulima mwenyewe, nilikungoja. Nilihesabu tena mpaka tatu, nikahesabu mpaka sita, nikidhani kuna sauti bado iko juu haijashuka, ya kuuliza mimi na watoto wangu tutakwenda kukaa wapi. Haikuwepo. Ulikuwa umemaliza kusema, na mimi ndiye msikilizaji. Kwa hilo bado nina hasira nawe, na sitaificha ili nionekane nimetubu vizuri.

Kibanja alichoniachia baba, ukoo uamue upya, nami sitabisha. Hilo ni la wazee. La kwangu ni hili linalofuata, ambalo wewe hulijui na hata mke wangu nilimficha.

Wiki aliyofariki baba, mchana mmoja aliomba akalishwe kwenye kiti chake uani. Kahawa ilikuwa mikekani. Akaitazama ile hedifoni kwenye msumari, akaniita nikae chini karibu yake.

"Siku ile," akasema, "una hakika hukusikia akisema anakuja?"

Nilikuwa na muda. Hapakuwa na setilaiti kati yetu, mkono wake ulikuwa begani mwangu.

"Ni mtambo, baba," nikasema.

Akasema, "Haya." Akaniomba nimgeuze asiangaliane na jua. Nikamgeuza.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nikishika kopo la upande wa jikoni,

Sabini.