Gari la Mashindano na Fahali Wangu

Abdulsalam, leo nimeaibika darasani! Masikio bado yanawaka.

Mwalimu wetu wa ngumbaru alitupa mtihani wa kuzungumza: je, gari la mbio, lililoundwa kiwandani kwa ajili ya uwanja wa mashindano, linastahili bei yake? Ukishindwa unarudia darasa.

Nikapiga bismillahi, nikasimama. Nikasema halistahili hata kidogo. Lina viti viwili, halibebi hata mbuzi, na tope la huku kwetu Garsen litalimeza siku ya kwanza. Mwenyewe hulitoa, hulitazama, hulirudisha. Upuuzi mtupu!

Nikaketi kama wakili aliyeshinda kesi.

Halima, yule jirani yangu, akainua mkono. "Mzee Issack, na fahali wako mweupe je? Amezeeka, habebi kitu, na wanunuzi unawafukuza. Kila asubuhi unamwosha, unamtoa, unamtazama, unamrudisha."

Fahali wangu, Abdulsalam! Mbele ya darasa zima!

Nikababaika. Nikasema, "Lakini huyo ni mzuri."

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Sasa ndiyo umejibu."

Nimepita, alhamdulillahi. Baada ya Magharibi nimewaombea dua wenye magari hayo. Kumbe ni wenzangu.