Vidole vya Karani

Kambini Katavi, Agosti 1999

Mke wangu Mwanaiddi,

Sijambo, ila mizigo na mbung'o vinanimaliza. Mchele wa kijiji cha Mamba nimepata, nitautuma.

Wazungu wakitafuta uwindaji kwenye kompyuta, kambi ya jirani hutokea ya kwanza, yetu ya tisa. Bosi alisema karani wao hurudia neno Katavi mara mia kwenye ukurasa wao ili wapande juu. Jana alituamuru tumvunje vidole asichape tena. Nilimkaba kwa nyuma, mwenzangu Luhende akashika nyundo. Kwenye kidole cha tatu karani akageuka, akaniona.

“Shemeji, ni mimi, Iman.”

Sikujua mdogo wako yuko huku. Bosi alisimama na bunduki. Sikumwachia mpaka cha kumi.

Ijumaa anapanda treni kuja huko Tabora. Mlishe kwa mkono wako.

Mumeo, kama bado unanitaka,
Rehani